Dola 1 na senti 65 kwenye boksi la risasi

Mi ni mlinzi wa kubeba silaha hapa Sacramento, California, mwaka wa sita huu. Bastola ninayovaa kazini ni yangu mwenyewe, nimenunua kwa hela yangu, na risasi nanunua mwenyewe pia. Watu wengi nyumbani nikiwaambia hivo wanashangaa, wanadhani kampuni inakukabidhi bunduki getini ukimaliza shifti unarudisha kama walinzi wa benki kule Tanga. Hapana, huku kampuni nyingi unakuja na yako. Na kile kibali cha kubeba silaha kazini, ili kisikufie mkononi, lazima uende renji ukapige shabaha mbele ya mkufunzi mara nne ndani ya miaka miwili, kila safari unachoma risasi, na mtu mwenye akili haendi kwenye mtihani hajafanya mazoezi kwahiyo hapo katikati unachoma maboksi mengine kadhaa. Kwangu mimi risasi ni kama mafuta kwa dereva bodaboda.

Sasa tarehe 1 Julai 2024 ikaanza ile kodi. Asilimia 11 juu ya kila bunduki, kila risasi, na vile vipande vya kuundia bunduki. Gavana Newsom aliisaini Septemba 2023, mbunge aliyeipeleka anaitwa Jesse Gabriel, na California ikawa jimbo la kwanza kuweka kodi kama hiyo juu ya ile ya serikali kuu ambayo ipo miaka mingi. Kisheria anatozwa muuzaji, mwenye duka, ila nani asiyejua muuzaji anaisogeza kwako? Boksi la risasi hamsini la dola 15 likawa na dola 1 na senti 65 juu yake, halafu bado kodi ya mauzo ya kawaida. Bastola ya dola 500 unaongeza 55. Na hapo bado hujagusa ada ya ukaguzi wa jimbo dola 37 na senti 19 kila unaponunua bunduki, na dola moja ya ukaguzi, kwa bei ya 2024, kila uliponunua risasi.

Nataka nieleze nilichokiona mwaka ule maana mengi yanayosemwa kuhusu wenye bunduki wa huku yanasemwa na watu ambao hawajawahi kusimama kwenye foleni ya duka la bunduki. Mi nimesimama.

Juni ile yote duka ninaloendea lilijaa kama soko la Mgandini kule Tanga siku ya sikukuu. Watu wanatoka na makreti ya risasi kwenye toroli. Wa bunduki ndo walikuwa na haraka zaidi kwa sababu California ukinunua bunduki unasubiri siku kumi ndo unakabidhiwa, kwahiyo walikuwa wanahesabu siku kwa vidole wanataka iwe mkononi kabla ya Julai. Mi nilisimama karibu masaa mawili kununua maboksi manne tu, na ndo kwenye foleni ile nikasikia kila aina ya maneno.

Mama mmoja Mmarekani mweusi mbele yangu, umri wa dada yangu mkubwa, ana saluni, alikuwa anataka bastola yake ya kwanza kwa sababu alishavunjiwa duka mara mbili. Yeye hakuwa anapiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, mi nimelipia kadi ya usalama wa silaha, nimelipia ukaguzi, sasa na hii, mtu wa mtaa wangu ndo anahitaji kujilinda kuliko yule wa kule milimani mwenye geti na kamera, na ndo mimi itaniuma. Nilimwelewa kabisa. Asilimia 11 ni ileile kwa tajiri na maskini ila haiumi sawa.

Kijana mwingine nyuma yangu alikuwa anatukana tu, anasema Newsom anataka kuwanyang'anya silaha kidogokidogo, leo 11 kesho 50 keshokutwa 1000. Mwenye duka akawa ametulia, akasema yeye haogopi kunyang'anywa anaogopa kodi ya pango. Akatuhadithia habari ya Seattle, kule mji uliweka kodi yake tangu 2016, dola 25 kwa bunduki na senti 5 kwa risasi moja, wauza bunduki wakaenda mahakamani wakashindwa mwaka 2017, na duka moja likahama likaenda nje ya mipaka ya mji na hela iliyokusanywa ikawa kidogo kuliko ilivotarajiwa. Ila mimi nitahamia wapi, akasema, hili ni jimbo zima.

Aliyenigusa zaidi lakini ni mzee mmoja mwindaji wa bata. Huyu tulikuwa tunajuana renji, mzungu, yuko sabini na kitu, aliwahi kunirekebisha namna ya kushika bastola siku zile mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Namwita Mzee, hivohivo kwa Kiswahili, na ameshazoea anaitika. Mimi nilidhani Mzee anachukia kodi zote kama wazee wengine wa pale. Kumbe hapana. Akaniambia kuna kodi ya serikali kuu ya asilimia 10 kwenye bastola na 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, inalipwa na mtengenezaji au muagizaji kwahiyo wewe huioni kwenye risiti, na tangu 1937 ile hela inakwenda kutunza wanyamapori na mabwawa, na baadaye ikaanza kulipia pia mafunzo ya uwindaji na viwanja vya shabaha. Wawindaji wenyewe waliiunga mkono. Mzee anajivunia ile kodi kama mtu anavyojivunia kisima alichochangia kijijini. Kila mwaka ananunua stempu ya bata, kibali ambacho hela yake inatunza mabwawa ya ndege, ni lazima kwa mwindaji na ni dola 25, yeye ananunua mbili, moja ya kuwinda na moja basi tu, kwa ajili ya ndege.

Sasa nikamuuliza, Mzee, kama ile kodi ya zamani unaipenda hii ya 2024 inakukera nini? Alikaa kimya kidogo halafu akasema ile ya zamani iliniambia wewe ni mtunzaji. Hii inaniambia wewe ni muuaji, lipa.

Hayo maneno nilirudi nayo nyumbani kwenye gari nikiyarudia. Maana kweli kwenye zile foleni nilisikia hesabu nyingi za dola na senti lakini ukisikiliza vizuri hasira haikuwa ya senti. Watu walikuwa wanasema mimi sijamuua mtu, nimefuata kila sheria, nimesubiri siku zangu kumi, na yule kijana aliyefyatua mtaani bunduki yake ni ya wizi wala halipi kodi yoyote, kwanini mimi ndo nilipie kaburi? Mtu ukimuongezea bei anagunaguna anazoea. Ukimfanya ajione mtuhumiwa hazoei.

Na mi nikawa mmoja wao. Nikaanza kuongea kama wao nyumbani.

Hapo ndo mke wangu akanisimamisha. Yeye ni msaidizi wa manesi, anafanya kazi usiku, kitengo cha dharura. Siku ya kwanza kununua risasi na kodi mpya, Julai ile, niliacha risiti mezani nikawa nalalamika huku nakula, dola tatu na senti thelathini kwa maboksi mawili, wizi mtupu, na mlinzi kama mimi nalipa wakati polisi amesamehewa, hata polisi mstaafu aliyekaa nyumbani anakwenda kuvua samaki amesamehewa. Akaniacha nikamaliza. Halafu akaniuliza, baba, unajua nimefua nini leo? Sikujibu. Akasema viatu. Nimefua viatu vyangu mara tatu, damu ya mtoto wa miaka kumi na saba, na mama yake alikuwa anashika mkono wangu anadhani mi ni daktari.

Sikuendelea na habari ya senti.

Kesho yake akiwa ametulia akanieleza kitu ambacho pale dukani hakuna aliyekitaja hata kwa bahati mbaya. Hospitalini kwao huwa wanakuja watu fulani, wengi ni vijana wa mtaani wa zamani, wengine waliwahi kupigwa risasi wenyewe, wanakuja kukaa pembeni ya kitanda cha majeruhi kabla ndugu zake na marafiki zake hawajapanga kwenda kulipiza. Wanamsaidia apate pa kulala pengine, apate kazi, arudi shule. Alisema mara nyingi akiona wamefika anapumua, kwa sababu wale wasio na mtu wa kukaa nao anawaona tena baada ya miezi. Sasa nilivyoanza kusoma sheria yenyewe badala ya kusikiliza foleni nikakuta dola milioni 75 za kwanza za kodi hii kila mwaka zimetengwa kwa mpango wa jimbo unaoitwa CalVIP, ambao unazipa miji na vikundi hela za kazi kama hiyohiyo, na nyingine zinakwenda kwenye usalama wa mashule. Makadirio ilikuwa kodi ingeleta kama milioni 160 kwa mwaka.

Nilikumbuka usiku wa Aprili 3, 2022. Nilikuwa lindo mitaa michache tu kutoka K Street pale katikati ya mji, ilikuwa kama saa nane usiku, mabaa yanafunga watu wanatoka, mara ving'ora havikati. Watu sita walikufa usiku ule na kumi na wawili kujeruhiwa. Nilisimama mlangoni kwa watu nisiowajua, bastola kiunoni, na haikuwa na kazi yoyote. Sijawahi kuisahau ile hali, kuwa na silaha na kutokuwa na msaada kwa wakati mmoja.

Kwahiyo je nikaipenda kodi? Hapana, na sitaki kudanganya. Bado naona sheria ilikosea kuwasamehe polisi wastaafu na kutuacha sisi tunaolazimishwa na jimbo lilelile kwenda renji. Bado naona boksi la mazoezi lingetofautishwa na bunduki ya tano ya mtu anayekusanya. Mtu asiyefanya mazoezi ni hatari kuliko anayefanya, na ukipandisha bei ya mazoezi kuna mlinzi mahali ataruka mwezi, ataruka wa pili, halafu siku ya siku atamkosa aliyemlenga ampate mtoto. Hilo nimelisema kwa mke wangu na amelikubali. Ila neno wizi nimeliacha.

Kuna jambo moja lazima niliseme hasa kwa ndugu zangu wenye grini kadi wanaofanya kazi hizi. Agosti ile jamaa mmoja tunayefanya naye lindo, Mkongo wa Bukavu, mtu mwema sana, alinipigia, kaka twende Reno. Reno iko Nevada, unapanda milima kwa I-80 kama masaa mawili na kitu, kule hakuna kodi hii na risasi zimejaa. Alikuwa ameambiwa pale dukani na mtu anayejiamini kabisa kwamba kila mtu anafanya, tutajaza buti la gari tutagawana. Nikakubali. Tulishapanga hadi siku. Bahati nzuri usiku ule nikiwa lindo sina kazi nikafungua simu nikaanza kusoma, nikakuta tangu 2018 mkazi wa California akinunua risasi nje ya jimbo haruhusiwi kuziingiza mwenyewe, lazima zipitie kwa muuzaji mwenye leseni ndani ya California, ambaye atakukagua na kukuchaji. Nilihisi baridi mgongoni. Mimi na yeye wote si raia bado. Mmarekani akikamatwa na boksi atalipa faini ataendelea na maisha yake, sisi tungeweza kupoteza vibali vya kazi na faili la uhamiaji lingeweza kuwa na doa la makosa ya silaha, kwa ajili ya kuokoa dola kumi na kitu ambazo mafuta ya gari yenyewe yangezimaliza. Nikampigia saa kumi na moja alfajiri. Akanyamaza, akasema kaka mimi nilikimbia nchi kwa sababu ya bunduki, sasa nilitaka kufukuzwa nchi kwa sababu ya risasi.

Yule aliyetushauri dukani hakuwa na nia mbaya, najua. Ana hasira na hasira yake ni ya kweli. Lakini hasira ya mtu mwenye pasi ya Marekani haikutoshi wewe, ni kama kuvaa koti la mtu mnene.

Na katika kusoma kulekule ndo nikakutana na kitu kingine ambacho kingeninufaisha miaka mitano kama ningejua. California kuna kifungu cha sheria ya kazi, namba 2802, kinasema mwajiri amrudishie mfanyakazi gharama za lazima alizotumia kufanya kazi yake. Nikakaa nikajiuliza, hizi risasi za renji ni starehe yangu? Tumepiga kelele miezi mitatu kuhusu dola 1 na senti 65 ya gavana wakati dola 15 nzima chini yake nilikuwa nalipa mimi badala ya kampuni! Nikaandika barua, nimeambatanisha risiti zote nilizokuwa nazo maana mke wangu ana tabia ya kutunza karatasi. Kampuni mwanzoni walisema huo sio utaratibu wao. Nikaandika tena kwa upole nikataja kifungu. Mkongo akaandika na yeye, na wengine wanne. Ikachukua hadi Novemba, wakakubali kulipa risasi za mtihani na mazoezi kiasi, pamoja na kodi zake zote, kuanzia hapo na kuendelea. Ya nyuma walilipa nusu, sikugombana.

Mwezi huohuo wa Novemba 2024 kule Colorado wananchi wenyewe walipiga kura wakapitisha kodi yao, asilimia 6.5, ikaanza Aprili 2025, sehemu kubwa kwa ajili ya kuwasaidia waliofanyiwa uhalifu na kiasi kwa afya ya akili ya maveterani. Nina rafiki Aurora anafanya kazi kama yangu, ananiambia malalamiko yapo lakini sio kama yetu. Nadhani kuulizwa kuna uzito wake. Huku kwetu walipitisha wabunge, theluthi mbili kama sheria ya kodi inavyotaka, na watu kama Mzee wanahisi ilipitishwa juu ya vichwa vyao.

Mzee yeye hajabadilika. Julai ileile vyama vya wenye silaha vilifungua kesi San Diego kupinga kodi, na yeye alichanga. Hoja yake kubwa, na sio ya kijinga, ni kwamba huwezi kutoza kodi maalum haki iliyoandikwa kwenye katiba. Ana mfano anaupenda, mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta kodi ya jimbo la Minnesota kwenye karatasi na wino wa magazeti, kwa sababu ilikuwa inaligusa gazeti peke yake na uhuru wake. Anasema wino na bunduki viko kwenye karatasi ileile ya katiba, kimoja marekebisho ya kwanza kingine ya pili. Nimemsikiliza mara nyingi na sijapata jibu la kumtosheleza, nikamwambia tu aje nyumbani aongee na mwenzangu.

Akaja kweli, Desemba, msimu wa bata ukiwa katikati. Alikuja na bata wawili amewanyonyoa tayari, wa bonde la kaskazini mwa mji huku kwenye mashamba ya mpunga. Babu yangu Korogwe alikuwa na gobore la kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi, kila mwaka anatembea hadi kituoni kulipia kibali na analalamika njia nzima kwenda na kurudi, na siku akipata kanga alikuwa anapeleka mmoja kwa jirani vilevile, amemfunga kwa kamba ya mgomba. Nilimwona babu mlangoni pale kabisa.

Mke wangu akawapika bata wale kwa nazi na ndimu. Tulipokaa Mzee mwenyewe ndo alianza, akamuuliza habari ya kazi, na mama, yaani mke wangu, hakumficha, akamweleza ya viatu, ya yule mama aliyemshika mkono, ya wale vijana wanaokuja kukaa kitandani. Mzee aliacha kula. Akauliza, hao vijana wanalipwa? Mama akasema baadhi wanalipwa, wakati mwingine ufadhili ukikatika wanapotea, na zamu yake ndo inakuwa nzito. Mzee akasema kama wangeniomba ningetoa. Ningetoa zaidi ya hiyo asilimia 11. Lakini hawakuniomba.

Mama akamwambia basi Mzee, mimi nakuomba.

Hakujibu kitu. Alichukua kipande kingine cha bata, akakigeuza geuza kwenye sahani. Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni akamuuliza mke wangu jina la kikundi cha wale vijana aliandike, akatoa kalamu mfukoni, karatasi hana, akaandika nyuma ya risiti ya risasi.